Aliyeshika Pedali

Wewe, ukisikia sauti yako mwenyewe ikimjibu mumeo kutoka mahali ambapo hupo, utafanya nini? Usiniambie utakimbia. Mtu akiwa ameketi kwenye kiti chake, kila mmoja ni mwanariadha.

Mama Pedali hakukimbia. Alisimama ng'ambo ya barabara, mchana kweupe, chupa mbili za maji mkononi, akasikiliza. Mumewe alikuwa amelala chali chini ya lori dogo la magodoro lililoharibikia kando ya njia. Miguu tu ndiyo iliyoonekana.

"Piga!" aliita Fundi.

Pedali ikapigwa. Fyu, fyu, fyu.

"Shika!"

"Nimeshika," ikajibu sauti ya Mama Pedali kutoka kwenye kabini, wakati mwenyewe yuko huku, maji yanamdondoka vidoleni.

Kazi yao ilikuwa hiyo. Gari likigoma kusimama, wao hulifuata lilipo, na pikapu yao yenye jeki, spana na makopo ya mafuta ya breki. Ukishafungua mfumo wa breki, hewa huingia, na hewa hiyo waliitoa wawili: mmoja analala chini na spana, mwingine anakaa kwenye usukani akikanyaga pedali na kuishikilia. Wa chini haoni kitu, anategemea masikio. Mwishoni huuliza, "Ikoje?" Na wa juu, kama pedali imekuwa ngumu chini ya mguu, hujibu, "Imekaza." Ikizama, hewa bado imo na breki hazitashika. Neno hilo likishatoka, gari linaondoka. Fundi alikuwa hata hapandi tena kuhakikisha. "Mguu wa mke wangu una akili kuliko kichwa changu," aliwatambia wateja, nao wakampa mkewe jina.

Siku hiyo Fundi alitambaa akatoka chini ya lori, akamwona mkewe anavuka barabara. Akaitazama kabini. Akamtazama tena.

"We mwanamke, umeshuka saa ngapi?"

"Sijapanda, Fundi." Hata kitandani alimwita Fundi.

"Acha masihara."

"Maji yako haya hapa. Natoka dukani."

Wakaingiza vichwa pamoja. Kiti kilikuwa kimebonyea, kina joto. Kulikuwa na harufu ya breki zilizoungua, na chini ya harufu hiyo nyingine, tamu, ya pipi za mnanaa. Fundi alisema labda wamechoka wote wawili. Mama Pedali aliijua harufu ile. Akampa maji yake.

Kitu hicho kiliwafuata nyumbani. Kilianza wakiwa mezani: fyu, fyu, nyuma ya kabati la vyombo. Aliyekisikia kwanza ni mama mkwe, masikio mazito, ambaye ukimwomba chumvi anakuletea kiberiti.

"Mkwe wangu, mbona unamjibu mtu ambaye hajakuita?"

"Sijasema kitu, mama."

"Umesema umeshika. Umeshika nini?"

Bibi huyo ndiye aliyemleta mganga. Mganga alikuja na miwani ya jua na begi la kompyuta, akafukiza ubani mpaka kuku wakakohoa, akaongea na ukuta kwa lugha ambayo hata ukuta haukuielewa. Alipokuwa anaaga, amejaa fahari, sauti ya Mama Pedali ikatoka nyuma ya kabati, laini kabisa: "Imekaza, mganga. Nenda tu." Aliondoka bila begi. Baadaye alipiga simu, si kuwajulia hali. Alimwomba Fundi amwangalizie breki.

Walicheka wote. Kisha Fundi akaacha kucheka, akaacha na kula.

"Ni yule dereva wa matofali," alimnong'oneza mkewe. "Aliyeshuka mteremko akafia ukutani. Gari lake si tulilitengeneza sisi asubuhi ile? Kuna kitu nilikosea. Nimeirudia kazi yote kichwani, nati kwa nati, na kosa silioni."

"Hukukosea."

"Umejuaje?"

"Lala, Fundi."

Dereva wa matofali alikuwa mtu wa utani. Kila walipokutana alimpa Mama Pedali pipi za mnanaa kupitia dirishani. "Mguu wako ndio bima yangu," alimwambia, hata asubuhi ile, akiwasha gari.

Kisha likaja lori la mchanga, lililokwama kwenye mteremko. Fundi aliweka magogo mbele ya magurudumu, akajisukuma chini. Mama Pedali alinyoosha mkono kufungua mlango wa kabini. Mlango ukajifunga mbele yake, pap, na kitasa kikashuka chenyewe. Akavuta, akapiga kioo kwa ngumi, na huku anapiga akasikia magogo yakilia kwenye kokoto, yakianza kuteleza, na lori zima na mchanga wake likajivuta mbele kiasi cha kiganja, gurudumu likaibana ovaroli ya Fundi begani, likasimama, si kwa magogo, maana magogo yalikwisha kuruka pembeni, bali kwa kitu kilichokuwa mle ndani juu ya kiti kitupu kilichobonyea, kinanukia mnanaa, kimeikanyaga pedali ambayo yeye aliiona kwa macho yake ikizama, ikizama polepole, kama mguu kwenye tope.

"Nimeshika," ilisema sauti yake.

"Mke wangu," aliita Fundi kutoka chini, kwa utulivu wa mtu aliyezoea kuamini. "Nimebanwa nguo. Usiachie. Ikoje?"

"Imekaza," ikajibu kabini. Lori likasogea.

"Fundi, si mimi huyo! Niko nje!"

Sauti ya Fundi ikatoka chini, ndogo sasa. "Yupi ni wewe?"

Mama Pedali alifungua mdomo amwambie ni mimi, mkeo, chana hiyo nguo utoke. Maneno hayo hayo, kwa sauti hiyo hiyo, yakatangulia kutoka ndani ya kabini. Alijaribu jingine, likatangulia pia. Kila neno alilokuwa nalo, kitu kile kililijua. Likabaki moja tu, ambalo kile cha ndani hakikulisema, kililisubiri.

"Niambie, mke wangu! Ikoje?"

Alipiga magoti kwenye kokoto, uso karibu na gurudumu.

"Haikukaza," alisema. "Ya dereva wa matofali. Ilizama mpaka chini, Fundi, nikakwambia imekaza, kwa sababu mguu ulikuwa unaniuma, na nilitaka kwenda nyumbani."