Mlio wa Nne

Mpini ulikuwa na joto. Orrin Haugen alikuwa ndiyo kwanza awashe jiko la duka lake la silaha, theluji ya mji wa Miles City ingali imeganda kwenye buti zake, na kila alichogusa ndani ya kabati la kioo kilikuwa na baridi ya kuuma vidole. Kila kitu isipokuwa mpini wa ile bastola moja. Ulikuwa na joto, tena na unyevunyevu, kama umetoka mkononi mwa mtu sasa hivi.

"Upuuzi," akajiambia, akaupangusa kwa kitambaa.

Orrin hakuwa mtu wa kuogopa, na kusema kweli hakuwa mtu wa kuona haya pia. Mbele yake zililala bastola mbili za zamani aina ya Kolti, zile ambazo kila risasi lazima uvute nyundo kwa dole gumba. Moja aliipata mnadani, chuma chake kizima na rangi ya kiwandani bado ipo, ila mjinga fulani aliifungia mpini wa plastiki. Ya pili aliinunua kwa mjane, Thelma Strand. Hiyo mtutu wake ulikuwa umeliwa na kutu, lakini mpini wake wa mti wa jozi ulipendeza mno, umekolea weusi kwa jasho la kiganja cha marehemu mumewe, Clell. Wapenzi wa silaha za kale hulipa fedha nyingi kwa mpini wa asili. Basi Orrin akafungua skrubu, akauhamishia mpini mzuri kwenye chuma kizuri, na ile bastola ya dola elfu tatu ikawa ya elfu tano.

Thelma alikuwa amemwonya. "Iuze nzima, Orrin. Clell alisema isitenganishwe. Mkono wake umo humo."

Orrin aliitikia vizuri, huku akimcheka moyoni.

Tangu siku aliyokaza zile skrubu kulikuwa na mlio. Kolti ya namna hiyo, ukivuta nyundo yake, hulia mara nne, na mwenye duka anaijua sauti hiyo kuliko sauti ya mkewe. Sasa ilikuwa ikilia yenyewe ndani ya kabati lililofungwa, na ilikuwa ikilia mara tatu. Ta. Ta. Ta. Halafu kimya. Orrin alikuwa akisimama na kikombe cha kahawa mkononi, akiungoja mlio wa nne, nao hauji.

"Nani ameingiza farasi humu?" mkewe Verna aliuliza asubuhi hiyo alipoleta mikate, akikunja pua. "Farasi aliyeloa. Na tumbaku ya kutafuna, pfuu!"

"Wewe na pua yako," Orrin akasema. Lakini aliisikia harufu ile naye, na alimkumbuka Clell Strand, aliyekuwa akitafuna tumbaku hata kanisani.

Mchana akaingia Lorna Beckwith, mwalimu wa shule ya msingi. Alitaka zawadi ya baba yake, aliyekuwa akistaafu ufugaji. Orrin akazilaza bastola zote mbili juu ya kitambaa.

"Hii elfu tano, hii elfu moja na mia mbili?" Lorna akaguna. "Mzee, hawa si ndugu? Mbona mmoja tajiri hivyo?"

"Mmoja alitunzwa, mwalimu. Mwingine alilala zizini."

"Na mpini ni wake mwenyewe? Baba ataniuliza hilo kabla hajasema ahsante."

"Wake kabisa," Orrin akasema bila kupepesa.

Akafungua kijilango cha silinda ya risasi, akaizungusha taratibu ili mteja aone. Matundu yote sita yalikuwa matupu. Lorna naye akarudia kukagua mwenyewe, kama alivyolelewa, hata kama ameona kwa macho yake. Kisha akauliza kwa adabu, "Naweza kuvuta nyundo?"

"Vuta tu."

Ta. Ta. Ta. Hapo uso wa Lorna ukabadilika, na Orrin akaona mtutu ukigeuka polepole, ukiacha ukuta ulikoelekezwa, ukipita juu ya jiko, ukipita kwenye picha ya harusi yake, hadi ukatua kifuani pake na kukaa hapo bila kutikisika, wakati bega la msichana wa watu lilikuwa likitetemeka na mkono wake wa kushoto ukijaribu kuukwanyua ule wa kulia.

"Bwana Haugen," akanong'ona, "si mimi. Wallahi si mimi ninayevuta."

Harufu ya farasi ikajaa duka zima, na juu yake harufu kali ya baruti iliyoungua, na Orrin, ambaye alikuwa ameyaona matundu sita matupu kwa macho yake mawili muda huohuo, sasa aliyatazama kutoka mbele na akaona katika kila tundu ncha ya kijivu ya risasi, zimejipanga, zinamsubiri, na dole gumba la Lorna limekunjika juu ya nyundo likienda nyuma, likienda nyuma, likibakiza kidogo sana.

"Mpini si wake!" Orrin akapiga kelele. "Nimeuhamisha! Ni wa hiyo yenye kutu, ni wa Clell Strand, Mungu wangu, nilitaka kukuibia!"

Mkono wa Lorna ukalegea. Orrin akainyakua bastola, akairudisha nyundo taratibu, akafungua silinda. Tupu.

Akachukua bisibisi, akafungua skrubu. Ndani ya mbao palikuwa na namba iliyoandikwa kwa wino mkongwe, namba ileile iliyokuwa kwenye chuma chenye kutu. Akaurudisha mpini kwenye hiyo bastola yake ya asili, akausukuma kwa kiganja mpaka ukakaa.

Lorna alikuwa mlangoni, mweupe kama chaki. "Bila mpini huo, bei ya haki ya hii yenye chuma kizuri ni ngapi?"

"Elfu tatu."

"Na elfu mbili ungenila."

"Ndiyo."

"Baba nitamnunulia kofia," akasema, akatoka.

Orrin hakungoja. Aliendesha gari katika theluji hadi kwa Thelma, akamkabidhi bastola yenye kutu, akakataa kurudishiwa hata senti. Aliona mzigo umemtoka, karibu alie. Mjane akaushika mpini. Akaushika tena, akauweka shavuni.

"Wa baridi," akasema. "Haujawahi kuwa wa baridi. Orrin, umempeleka wapi?"

Orrin akarudi garini. Alirudi nyumbani jioni inaingia, akaketi mezani, na Verna akampakulia nyama ya kulungu na viazi. Mkewe alikuwa akimsimulia habari za jirani. Orrin akanyoosha mkono wa kulia kuchukua mkate.

Vidole vilijikunja kabla havijaufikia. Kiganja kilikuwa kimeloa na kina joto, nacho kilikuwa kikigeuka chenyewe juu ya meza, kidole cha shahada kikielekea kifuani mwa Verna. Dole gumba likaanza kurudi nyuma.

Likalia kwenye maungio yake. Ta. Ta. Ta.

"Hiyo nini?" Verna akauliza, akiacha kutafuna. "Orrin? Mbona unanuka farasi?"

Wakakaa hivyo wote wawili, wanasubiri.