Siku Ibtisam Aliposusia Manda

Kila Ramadhani, nyumbani kwa akina Ibtisam, huko Manzese, hugeuka kiwanda cha sambusa. Mama husukuma viduara vyembamba vya unga, huvipaka mafuta, huvipanga kimoja juu ya kingine na kuvichoma pamoja kwenye chuma cha chapati. Hizo ndizo manda. Kazi ya Ibtisam, binti wa miaka kumi na mitatu, ni kuzibandua moja moja zingali moto. Vidole huungua, lakini manda hazina subira. Zikipoa hushikana, na hata uzibembeleze haziachii.

Siku hiyo Ibtisam alibandua huku amenuna. Clara, rafiki yake tangu darasa la kwanza, alikuwa amehamia Madale, mbali kwa basi, na wazazi wake, naye alikuwa amemwalika akashinde kwao Jumamosi.

“Mama, niende kwa akina Clara?”

“Madale? Peke yako? Wewe bado mtoto.”

Asubuhi alipotaka kurudi kulala baada ya daku, mama huyuhuyu alimwambia, “Amka, wewe sasa mtu mzima.” Mtu mzima wa kubandua manda, mtoto wa kwenda Madale! Haki iko wapi?

Adhana ya alasiri ilipolia, Mama aliepua rundo nene kuliko yote. “Bandua hizi, mie nikaswali. Ni za jirani yetu Bi Khulud, ana wageni wa futari leo.”

Mama alipoingia ndani, Ibtisam alifuta mikono, akaenda kukaa barazani. Alisusa. Alijua vizuri anachokifanya, na kwa muda alifurahi.

“Dada, manda zinapoa,” alisema Khalil, mdogo wake wa miaka minne.

“Ziache zipoe!”

Mama aliporudi alivuta manda ya kwanza. Ikachanika. Akajaribu upande wa pili, pembe ikakatikia mkononi. Ibtisam alisimama mlangoni akisubiri kugombezwa, tena alikutaka huko kugombezwa, maana majibu alikuwa nayo tayari. Mishipa ya shingo ilimsimama Mama. Alifungua mdomo, akaufumba. Akaenda kwenye ndoo, akatia udhu upya polepole, kisha akaketi kwenye kigoda.

Kimya kile kilimuudhi Ibtisam kuliko makofi. “Si unigombeze tu, Mama!”

“Nikikugombeza sasa hivi nitasema nisiyoweza kuyarudisha. Nina hasira kweli.”

“Kumbe hata watu wazima wanakuwaga hivyo?”

“Ulidhani hasira hung’oka kama meno ya utoto? Khalil akinyimwa peremende hujitupa chini. Mwache, ana miaka minne. Wewe hujitupi tena, unasusa kazi. Na mjomba wako Haroub, mvi kichwa kizima, kasusa kuja hapa tangu harusi ya kaka yako Nasser, eti aliletewa pilau baada ya wengine wote. Hapo mtoto nani?”

Kicheko kilimtoka Ibtisam bila kutaka, kikafuatwa na machozi.

“Haya, sema. Kinachokuuma ni nini?”

“Shuleni sina rafiki mwingine, Mama. Halafu kwenye kazi mnaniita mtu mzima, nikiomba kitu nakuwa mtoto. Inaniuma.” Akainamisha kichwa. “Na manda nimeziharibu makusudi. Nisamehe.”

Mama alimfuta machozi. “Hilo la mtu mzima na mtoto ni kweli, nimekukosea. Ungeniambia hivi kabla ya alasiri, Bi Khulud angekuwa na sambusa zake.”

Walikanda unga upya, swaumu ikiwauma wote wawili. Ibtisam aliungua vidole, akachukia, akaendelea. Adhana ya magharibi ilipokaribia, yeye mwenyewe alimpelekea Bi Khulud sambusa na kumweleza kwa nini zimechelewa.

Baada ya kufuturu, Mama alizungumza kwa simu na mama yake Clara. “Jumamosi utakwenda,” alisema, “ila nitakupeleka mie.”

“Mama! Kwani mimi...” Ibtisam alianza kwa sauti ya juu. Akajizuia, akaanza tena. “Ningependa kwenda mwenyewe. Lakini sawa.”

Mama aliweka simu chini. “Umri huja hata ukilala, mwanangu, lakini utu uzima haujileti. Kila ukikasirika unaanza kuutafuta upya, na mie bado nautafuta pamoja nawe. Safari ijayo utakwenda mwenyewe.”