Zamu ya Mgeni

Violeth aliitikia "Karibu!" ndipo akakumbuka kwamba sauti ya kompyuta ilikuwa imezimwa tangu mchana.

Akatazama mlango. Ulikuwa wazi, kama milango mingi ya Makole inavyokuwa saa tisa alasiri, na uani hapakuwa na mtu. Kulikuwa na kanga za mama kwenye kamba, na vumbi. Akajicheka. Tangu asubuhi alikuwa akicheza gemu ambalo kila pigano lake linaanza na mgeni kupiga hodi, na yeye, mtoto aliyelelewa akaleleka, alishaitikia mara mbili kwa mdomo kabla ya kubonyeza kitufe. Hii ilikuwa ya tatu. Adabu gani hii ya kukaribisha kompyuta!

Alikuwa akilinganisha magemu mawili ya mapigano ya zamu kwa ajili ya tovuti moja, na makala ilitakiwa jioni ile. La kwanza, Mnara wa Chumvi, lilikuwa na mapigano matamu: unapiga, unangoja adui apige, na ukikosea mpangilio unajuta. Hadithi yake sasa, bure kabisa. Mfalme kapoteza binti, basi. La pili, Nyumba ya Busi, lilitengenezwa na kijana mmoja wa Kondoa, Anselmi, peke yake. Hapo hadithi ilimshika: binti anamuuguza mama yake, huku mgeni asiyeonekana akiusogelea mlango. Violeth alilia, wala hakuona haya, maana chumba cha pili mama yake mwenyewe, Mama Scolastika, alikuwa kitandani tangu Pasaka, upande mmoja umepooza. Lakini mapigano! Humpigi mtu. Unamkaribisha mgeni au unanyamaza, naye anasogea hatua moja, kisha zamu yako tena. Alichoka, akaliacha katikati, akaandika: "Hadithi dhahabu, mapigano usingizi."

Akiwa bado anaisoma sentensi hiyo kwa kujipongeza, akasikia harufu ya udongo uliolowa. Mwezi wa tisa, Dodoma, mvua ya wapi? Harufu ilitoka kwenye kiti cha wageni, palepale sebuleni. Na mto wa kile kiti ukabonyea taratibu mbele ya macho yake, mpaka chini.

Akampigia Anselmi, akinong'ona.

"Kaka Anselmi, ile sauti ya hodi kwenye gemu lako uliirekodi wapi?"

"Hodi? Dada, hodi niliiweka kwa maandishi tu. Nilichorekodi ni mlango na upepo, kule Busi, nyumbani kwa marehemu bibi."

"Mimi nimeisikia. Mara tatu."

"Umeitikia?"

Violeth alikitazama kile kiti.

"Dada, umeitikia?"

"Zote."

Alimsikia akivuta pumzi. "Ya kwanza inamleta uani, ya pili mlangoni, ya tatu anakaa. Ya nne anapewa kitanda cha mgonjwa, na mgonjwa haamki tena. Bibi alimpoteza mama yake hivyo hivyo. Isitoke karibu nyingine humo ndani! Si umemaliza gemu, unajua cha kufanya?"

"Sijamaliza," akasema, na aibu ikamwingia katikati ya hofu. "Mapigano yalinichosha."

"Huyo hapigwi, dada. Ni mgeni, msindikize. Hatua yako moja, hatua yake moja, mpaka barabarani. Usiseme neno, usigeuke. Akiikanyaga lami bila kukaribishwa, anakwenda zake."

Violeth alichungulia chumbani. Mama alikuwa amelala, shuka likipanda na kushuka. Akamwonea huruma kumwamsha.

Akapiga hatua moja kuelekea mlangoni. Nyuma yake mto wa kiti ukainuka, kisha unyayo mtupu ukagusa saruji. Akapiga hatua, akangoja, ukajibu. Akavuka kizingiti, jua kali likimpiga usoni na bado shingo yake ikiwa baridi kwa pumzi yenye harufu ya matope. Akapita chini ya kanga zilizoanikwa, zikamgusa bega, na baada ya zamu moja akazisikia zikiburuzwa juu ya kichwa cha mtu mrefu kuliko yeye, akatamani kukimbia lakini hakuthubutu, kwa kuwa anayekimbia anaruka zamu ya mwenzake, akafika getini, akalifungua, akaona pikipiki zikipita na lami iko mbele yake, hatua nne tu, akahesabu moja, ukajibu, mbili, ukajibu, tatu.

Dirisha la chumbani lilikuwa wazi. Mama Scolastika aliamshwa na mlio wa geti, akasikia nyayo za watu wawili, na hata kwa nusu ya mdomo hakuwa mtu wa kumwachia mgeni aondoke kimya kimya.

"Jamani Violeth, mgeni anaondoka bila hata mimi kumsalimu?" Kisha akapaza sauti kwa heshima zote. "Karibu tena, baba!"

Nyuma ya Violeth unyayo ulisita.

Akageuka akipiga kelele, "Mama, usi—" na kanga zilikuwa tayari zinapepea, kwa maana safari hii nyayo hazikungoja zamu. Alikuwa bado hajafika mlangoni aliposikia, kutoka chumbani, kitanda kikilia kwa uzito wa mtu wa pili, na sauti ya mzee mwenye adabu zake.

"Asante, mama. Nimeshakaribia."