Rota Mfukoni mwa Thelma

"Rudi nyuma, Thelma! Kidogo tena! Simama!"

Thelma Corrigan akakanyaga breki, ambulansi ikasimama kando ya meli ya hospitali. Ilikuwa bandarini Townsville, mwaka 1943, na majeruhi wa vita vya New Guinea walikuwa wanashushwa kwa machela. Treni yao ya kwenda Brisbane ilikuwa inaondoka saa sita mchana.

Machela ya nne ilipopita, moyo ukamlipuka. Clem Hanrahan! Mchumba wake, macho kayafumba, blanketi limemfunika mpaka kidevuni. Wiki tatu nyuma alimtumia barua: "Thelma, usinisubiri tena. Tafuta maisha yako." Barua yenyewe ilikuwa kwa mwandiko wa kike! Thelma alilia siku mbili, ya tatu akaapa kumzaba kofi popote watakapokutana.

Akaona kikadi kilichofungwa kwenye blanketi. Mwandiko ule ule, na zile herufi za mikia mirefu.

"Nani kaandika hiki?"

"Mimi," akajibu nesi wa meli, Sista Ailsa, mrembo wa kukera. "Kuna kosa?"

"Hakuna. Panda."

Alitamani kulirusha gari kwenye kila shimo. Lakini nyuma kulikuwa na wanaume wanne wenye maumivu, akaendesha kama aliyebeba mayai. Kwenye kona akakanyaga klachi mara mbili, akaipiga gia kwa kiganja.

"Dereva," sauti dhaifu ikatoka nyuma, "nani kakufundisha kubadilisha gia hivyo?"

"Bwege mmoja wa Ingham, kwenye lori la miwa la baba yake."

"Thelma?"

"Usiniite! Ongea na huyo mwandishi wako!"

Ailsa akaangua kicheko, akasogea kwenye kidirisha cha nyuma ya kiti cha dereva.

"Dada, mimi nawaandikia barua wodi nzima! Ile yako niliiandika huku namtukana. Mkono wa kulia umekatwa. Anaona aibu, basi."

Thelma akahisi machozi yanamjaa, akayameza. Barabara ilikuwa bado inamhitaji.

Stesheni, wenzake Clem watatu wakashushwa kwanza. Thelma akazima injini, akafungua boneti, akachomoa rota ya distribyuta, kijipande ambacho injini haiwaki bila hicho, akaitia mfukoni na kufunga kifungo. Ndiyo ilikuwa amri: ukiliacha gari hata dakika moja, rota unatembea nayo, adui akitua asije akaondoka na gari. Kisha akarukia nyuma.

"Ulidhani nilipenda mkono?"

"Shamba la miwa linataka mikono miwili, Thel."

"Mimi ninayo miwili, wewe mmoja. Jumla mitatu, inazidi!"

"Sitaki unihurumie."

"Nikuhurumie? Nimekuja kukuzaba kofi!"

Akambusu. Clem akamzungushia mkono wa kushoto kiunoni, akamkumbatia kwa nguvu, halafu akageuza uso.

"Nenda. Treni haisubiri."

Wabebaji wakamchukua. Thelma akabaki amesimama, roho inamuuma.

"Corrigan!" sajenti akafoka. "Meli bado ina watu! Toa gari!"

Akafungua boneti, akatia mkono mfukoni. Hamna kitu. Mfuko wa pili, hamna. Filimbi ya treni ikalia.

"Thel!"

Dirishani, Clem alikuwa ameegemea bega la Ailsa, rota ameishika juu kwa mkono wake wa kushoto, anacheka huku analia.

"Mwizi wewe! Nipe!"

"Wiki tatu nashindwa kufunga kifungo cha shati langu! Leo nimefungua chako na hukujua!"

"Clem, treni inaondoka!"

"Sema kwanza. Bado unakubali nikuoe?"

"Nilishakubali kwenye lori la miwa, bwege wewe! Ila barua nyingine uandike mwenyewe!"

Clem akairusha. Thelma akaidaka huku anakimbia, stesheni nzima ikapiga makofi, hata sajenti.

Barua ilifika baada ya mwezi, herufi zimepinda kama za mtoto wa darasa la kwanza:

"Jumamosi ya kwanza ya Juni, kanisani Ingham. Nimefunga vifungo vyote mwenyewe. Njoo na lori, unaendesha wewe."