Kisanduku cha Mgeni Mmoja

Saa nne asubuhi. Chumba cha nyuma cha duka la vyuma chakavu.

Jogoo alichora nyumba ya sonara kwa chaki juu ya meza. Geti hapa. Ngazi hapa. Chumba cha dhahabu chini ya ngazi.

"Sonara atakuwa dukani," alisema. "Nyumbani yupo mama yake, hatoki kitandani, na muuguzi. Saa nane muuguzi anafua uani. King'ora mwachieni Fundi."

"Anakijua lakini?" aliuliza mdogo wake, dereva wao. Walimwita Kimya kwa sababu mdomo wake haukujua kufungwa.

"Kakifunga mwenyewe, bwege wewe."

Kweli. King'ora kilikuwa cha zamani, kinaongea kwa waya tu. Fundi alikiunganisha na kisanduku kidogo kinachopeleka maneno yake kwenye mtandao wa nyumba. Halafu, kwa kubana matumizi, akaipachika humohumo mashine ya hewa ya yule mama, ili hewa ikipungua imwite muuguzi kwenye simu. Kisanduku kile hupokea mgeni mmoja tu. Fundi akiingia kwa nywila yake, simu ya muuguzi hutupwa nje, na hairudi mpaka yeye atoke.

Hilo hakumwambia Jogoo. Alijiambia ni muda mfupi tu.

Lakini aliukumbuka mto. Siku zile za kufunga king'ora, mama yule alimwona amepiga magoti kwenye sakafu tupu, akachomoa mto chini ya kichwa chake mwenyewe. "Weka magotini, mwanangu. Sakafu haina huruma."

Saa nane mchana. Gari likasimama nyuma ya ukuta. Humo garini Fundi akaingia kwenye kisanduku kwa simu yake, akakinyamazisha king'ora kwa muda wote atakaokuwemo, akafungua geti. Jogoo akapita kama mwenye nyumba.

Jua kali. Barabara tupu. Kimya akitafuna kijiti.

Kisha kioo cha simu kikaandika: HEWA CHINI.

Fundi alipepesa macho. HEWA CHINI. Maneno ya kumwita muuguzi, yamemfikia yeye. Yakaja tena, na tena, bila sauti, kama mtu anayeita kutoka kaburini. Duniani kote hakuna mwingine aliyeyasikia.

Akampigia Jogoo. "Kaka, panda juu. Nadhani mpira wa hewa wa mama umechomoka. Mrudishie tu puani."

"Sikuja kutibu watu."

"Atakufa."

"Basi katangulia. Njia yetu sote ni moja." Chuma kiligonga chuma. "Usiniondokee hewani, Fundi. Nakaribia."

HEWA CHINI.

Kimya alikuwa ameacha kutafuna. Kisu kilikuwa mkononi.

"Ukitoka kwenye hicho kidude nakutoboa. Kaka yangu yumo ndani."

"Najua," Fundi alisema. "Na mama wa watu yumo."

Akatoka.

King'ora kikapasua mchana. Geti likajifunga lenyewe, kishindo. Kwenye simu Jogoo akapiga kelele: "Kimya! Mdogo wangu, usiniache!"

Kisu kikaingia chini ya mbavu. Kimya akamsukuma Fundi nje, akawasha gari, akatimua vumbi. Hakumngoja kaka yake.

Fundi akajikokota hadi ukutani, akaegemea. Alitega sikio asikie kandambili za muuguzi zikipanda ngazi. King'ora kilimeza kila kitu. Shati lilikuwa zito na la moto.

Simu ilikuwa bado mkononi. Angeigusa mara moja tu angejua kama mama anapumua. Na kwa mguso huohuo angemtupa muuguzi nje tena.

Akakisogeza kidole hadi kwenye kioo, akakirudisha.

"Mama," alinong'ona, "nisamehe, siwezi kuchungulia."

Akaiweka simu chini, akaikalia, asije akashindwa kujizuia. Mbali, magari ya polisi yalikuwa yanakuja.