Kikaango Kisichooshwa

Watu wakisimulia mambo haya husema yalimpata jirani wa binamu wa fulani. Haya yalimpata dada yangu, na aliyeyaleta ni mimi, kwa kiherehere changu, mchana kweupe. Nimenyamaza miaka kumi na miwili. Leo nasema, na mwisho mtajua kwa nini.

Dada alikuwa amejifungua mtoto wa kike. Mtoto alipofika wiki ya tatu nikaenda kumsaidia dada. Mgeni njoo, mwenyeji apone, si ndivyo tunavyosema? Nilifua, nikadeki, nikapanga makabati upya bila kuombwa. Jikoni kwao kulikuwa na jiko la kuni la chuma, lenye mlango mdogo wa kutilia kuni na bomba la moshi linalotokeza juu ya paa. Pembeni, kwenye msumari, kilining'inia kikaango cha chuma cha kusubu, cheusi tititi, kizito hata ukikinyanyua kwa mkono mmoja unajuta. Kilikuwa cha mama mkwe wa dada. Bibi huyo alikuwa amefariki miezi miwili kabla mjukuu hajazaliwa, na alikuwa amekipikia tangu ujana wake.

Shemeji yangu ni seremala, mtu wa maneno machache. Siku ya kwanza tu aliniambia kile kikaango hakioshwi. Ukimaliza kupika unakifuta kingali na joto, unakipaka mafuta kidogo, unakirudisha jikoni mpaka moshi ukome, unakitundika. Sabuni, hapana. Na moto wa jiko usizimike kabisa, makaa yafukiwe majivu. Nikamuuliza kama hicho ni kikaango au ni mgonjwa. Alicheka, lakini si sana.

Sasa, mimi na uchafu hatuivi chungu kimoja. Sufuria zangu unaweza kujitazama ukachana nywele. Kila nilipokiona kile cheusi mwili uliniwasha. Nilisema moyoni, nyumba hii wanakula masizi ya marehemu na wanaona fahari.

Jumamosi shemeji alikuwa karakana, dada na mtoto wamelala. Nikazoa majivu, nikamwagia maji makaa ili nisafishe jiko lote. Kisha nikatoka na kikaango uani, na sabuni, na waya wa kusugulia. Nikakaa juu ya kigoda, nikasugua.

Weusi ulitoka kwa matabaka. La kwanza lilinukia mayai na vitunguu, kiamshakinywa chetu cha asubuhi ile. La chini yake lilinukia nyama, na nyama haikuwa imepikwa tangu nije. Nikaendelea. Mwisho kabisa, chuma kilipoanza kuonekana kijivu, ilinijia harufu ya maziwa yaliyoungua. Nikajiambia ni mafuta ya zamani. Nikakisuuza, nikakiegemeza ukutani kikauke. Sikuwa nimeanika nepi ya nne nilipokiona kimeshika kutu chote.

Ndipo dada akaniita kutoka chumbani, taratibu, kama mtu asiyetaka kuamsha kitu.

"Njoo umshike."

Mtoto hakuwa analia. Macho yalikuwa wazi. Nilimgusa shavu, nikaondoa mkono. Alikuwa baridi kama sakafu ya asubuhi, na jua la nje lilikuwa linachoma.

Tulimfunika blanketi mbili, haikusaidia kitu. Shemeji alikuja mbio na gari la jirani, wakaondoka na mtoto kwenda zahanati. Mimi nilibaki nikusanye nguo niwafuate. Lakini kutu ile ilinitia aibu. Nilitaka shemeji akirudi asijue. Nikawasha moto, nikakibandika kikaango kikauke.

Simu ikalia. Dada alisema mtoto anapata joto, anaanza kupata joto. Nilimshukuru Mungu kwa sauti. Nikakipaka kikaango mafuta, mengi, nikasokomeza kuni tatu za ukweli ili kutu iondoke upesi.

Kikaango kikaanza kufuka moshi.

Simu ikalia tena. Safari hii dada alisema mbiombio. Mtoto anawaka, alisema. Muuguzi hajawahi kuona homa inayopanda huku kipimajoto kikitazamwa. Sikukata simu. Moshi ulikuwa umejaa jikoni, nikakohoa, nikanyakua jagi la maji, nikamimina juu ya kikaango.

Chuma kikalia chwaa. Ndani ya simu, mtoto akapiga yowe. Si kabla. Si baadaye. Pamoja.

Dada akanong'ona, "Umefanya nini huko?"

Nilikitazama kikaango.

"Nimekiosha," nikasema.

Ikaja sauti ya shemeji.

"Usikiache kipoe. Wala kisipate moto sana. Tunakuja."

Nilisimama mbele ya jiko lile peke yangu karibu nusu saa. Sijawahi kuogopa namna ile, na sijui kama nitapata neno lake. Nilitia vijiti vyembamba, kimoja kimoja. Mkono nauweka juu ya chuma, nasikiliza joto. Likipungua, kijiti. Likizidi, nakisogeza kikaango pembeni. Kila nilipokisogeza niliona ni mtoto ninayemsogeza.

Waliporudi, shemeji alieleza kwa kifupi, akitazama chini. Mama yake hakuwahi kulala mbali na kikaango kile. Hata msibani alikwenda na kikaango kikapuni, kimefungwa khanga, na watu walimcheka. Aliwahi kumwambia shemeji kwamba yeye mwenyewe alizaliwa wa baridi, na joto lake ni la kikaango hicho. Na siku aliyofariki alikifuta, akakitundika, akamwambia, "Hiki si chako tena. Ni cha anayekuja." Shemeji alidhani mama anagawa urithi wake.

Hakunilaumu. Afadhali angenilaumu.

Kazi iliyobaki ilikuwa moja tu, kurudisha weusi, maana ndio uliokuwa ukimkinga mtoto na moto wa kila siku. Na weusi haurudi bila kukipandisha kikaango moto hadi mafuta yaungue na kushikana na chuma. Yaani kumpandisha mtoto. Dada alikaa kwenye kiti pale jikoni, mtoto kifuani, kitambaa cha maji mkononi. Shemeji alipasua vipande vya mbao vidogo kama kalamu. Mimi nilipaka mafuta kwa kitambaa, membamba mno, nikichochea kidogokidogo.

"Ongeza," dada ananong'ona.

Naongeza. Shingo ya mtoto inalowa jasho.

"Basi. Basi."

Napunguza. Tunangoja. Tabaka moja lilichukua muda wa saa tatu. Tukaanza tena. Siku ya pili mtoto alitetemeka, akageuza macho, tukadhani ndiyo basi. Dada hakulia. Alinitazama tu. Mtazamo ule ninao hadi leo.

Tabaka la saba liliingia siku ya tatu, saa sita mchana. Kikaango kilikuwa cheusi. Mtoto alipiga chafya, akatafuta titi, akanyonya. Joto lake likawa la mtoto. Tulikaa sakafuni wote watatu.

Nilipokitundika, niliona. Katikati ya weusi, ukikigeuza upande wa mwanga, palikuwa na alama ya kiganja. Vidole vitano, kidogo kama cha mtoto wa wiki tatu. Hakuna aliyekuwa amegusa ndani.

Alama ile imekua naye. Binti ana miaka kumi na miwili, mzima, mbishi kama mimi, ananiita mama mdogo na ananitania ninavyoogopa kikaango. Jumapili anakwenda shule ya bweni, na huko kikaango hakiruhusiwi. Dada hataki kuondoka karibu na moto, kwa hiyo shemeji atampeleka, na mimi nimekuja kushika zamu jikoni. Jana usiku binti aliweka kiganja chake juu ya ile alama kwa mchezo. Kilienea sawasawa.

Leo asubuhi nimekishusha nikifute. Kiganja cha binti kipo palepale. Pembeni yake kuna kingine, kidogo mno, hakifiki ukubwa wa kucha yangu ya dole gumba.

Nyumba hii haina mtoto mchanga. Dada ameshakoma kuzaa. Mimi na mume wangu tumengoja miaka tisa, na hii mimba ya miezi miwili sijamwambia mtu yeyote, hata yeye.

Nimekipaka mafuta. Nimetia kijiti kimoja.