Wimbo wa Tofali la Ausi

Kila asubuhi, kabla kengele ya shule haijalia, Mwanaheri na Zuena walikutana kwenye njia ya kisimani, kila mmoja na debe lake. Mwanaheri alikuwa na miaka kumi na miwili, yuko darasa la nne, na mdomo wake haukujua kupumzika. Akiteka maji aliimba, akijitwisha aliimba, na akipanda mlima kurudi nyumbani, pumzi zimemwishia, bado alinong'ona. Zuena, rafiki yake mpole, ndiye aliyeitikia. Watu wa Ruangwa walizoea kuzisikia sauti za watoto hao kabla ya kuwaona, na akina mama walisema mtaa wao haukuhitaji jogoo.

Mwaka ule mji ulikuwa na jambo. Serikali ilitaka kuupanga upya, na soko la zamani, vile vibanda vya nyasi vilivyobanana kando ya barabara ya Nachingwea, lilitakiwa livunjwe. Soko jipya lingejengwa kule juu kwenye mwinuko, kwa matofali ya kuchoma, sakafu ya saruji na paa la bati. Kwa hiyo baraza la mji lilihitaji mjumbe wa kuwasemea watu wa sokoni, na safari hii hakuteuliwa mtu. Watu waliambiwa wachague wenyewe.

Waliosimama walikuwa wawili. Wa kwanza alikuwa Kaimu, fundi baiskeli, kaka yake Mwamina, mama yake Mwanaheri. Katika ukoo wao mjomba ndiye mwenye mtoto, na Mwanaheri alimpenda mjomba huyu kupita kiasi. Wa pili alikuwa Ausi, mchoma matofali, baba yake Zuena. Kazi hiyo alijifunzia Nachingwea, wakati Wazungu wa mradi wa karanga walipokuwa wakijenga majumba yao.

Kaimu alipinga soko kuhama. Aliogopa wenye maduka watajinyakulia nafasi zote, na wauza mihogo kama dada yake watabaki nje wanachomwa na jua. Ausi alitaka lihame. Alisema kila masika maji machafu yanatuama baina ya vibanda, na watoto wanaoshinda pale na mama zao wanaharisha. Kusema kweli, kila mmoja alikuwa na hoja.

Ubishi huo haukuwagombanisha, maana koo zao zilikuwa za watani tangu enzi za mababu. Mtani, kama mjuavyo, ana ruhusa ambayo mwingine hana. Anaweza kukutukana mbele ya wakwe zako, na wewe ukacheka.

Basi siku ya arobaini ya shangazi yake Ausi, Kaimu alifika mapema kutimiza utani wake. Alijilaza mlangoni, akasema hapiti mtu mpaka aletewe nyama isiyo na mfupa. Alipoletewa, akainuka na kumgeukia Ausi kwa uso mzito.

"Mtani, nimetoka makaburini kumwamkia marehemu. Nimekuta miti yote imekwisha. Leo nimejua kuni za tanuri lako zinatoka wapi."

Watu wakacheka hadi kushika mbavu. Ausi hakupepesa jicho. "Nimebakiza mmoja," alisema. "Ule mnene. Nakutunzia wewe, upate kivuli."

Mwanaheri, aliyekuwa akigawa maji ya kunawa, alicheka mpaka akamwagia mgeni miguuni. Neno lile likamkaa kichwani.

Siku zile za kampeni, wasichana wa mtaani walikuwa wakimwimbia Kaimu sokoni, na Mwanaheri ndiye aliyeongoza. Tatizo ni kwamba wimbo wao ulikuwa umepoa kama uji wa jana. "Kaimu ni mwema, Kaimu ni fundi," waliimba, na watu waliendelea kupatana bei za kunde bila hata kugeuza shingo. Upande wa Ausi walikuwa na vijana wenye ngoma, na umati ulielekea huko. Mwanaheri aliumia. Aliona mjomba wake anashindwa, na anashindwa kwa sababu yake.

Siku ya soko, wakati watu wa Nkowe, Malolo na Chunyu wamejaa kila pembe, Mwanaheri alipanda juu ya kinu kilichopinduliwa, akaimba alichokitunga asubuhi ileile:

"Tofali la Ausi, jamani, tofali la Ausi,
limeiva kwa mti wa nani? Wa makaburini.
Soko la Ausi, jamani, soko la Ausi,
tutakaa juu ya nani? Ya babu na bibi."

Safari hii shingo ziligeuka. Kwanza walicheka. Wasichana wenzake waliidaka ile "wa makaburini", na baada ya muda mfupi soko zima lilikuwa linaitikia. Lakini bibi mmoja muuza kunde kutoka Nkowe hakucheka. Aliweka kiganja mdomoni, akamwuliza jirani yake, "Kumbe ndivyo?" Mwanaheri alimwona, ila shangwe zilikuwa nyingi, na shangwe ni tamu.

Mjomba Kaimu hakuwapo. Alikuwa Chunyu kwa siku kadhaa akitengeneza baiskeli za watu na kuomba kura.

Asubuhi iliyofuata Zuena hakutokea kwenye njia ya kisimani. Wala ya pili yake. Shuleni alikaa dawati jingine, na Mwanaheri alipomwita alijifanya anatafuta kitu sakafuni. Kisha siku moja, akitoka shule, Mwanaheri aliona lori limesimama kwenye tanuri la Ausi. Vijana walikuwa wakishusha matofali, si kuyapakia. Alisimama akashangaa.

"Yamerudishwa," Zuena alisema nyuma yake. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Wazee wa Nkowe wamekataa shule yao ijengwe kwa matofali ya makaburini. Na baba hajala tangu jana."

"Lakini ule ulikuwa utani, Zuena."

"Mjomba wako ni mtani wa baba. Wewe ulikuwa unawaimbia watu wa Nkowe. Wao ni watani wa nani?" Zuena alifuta uso kwa kiganja. "Na zile kuni unazijua. Tulizibeba wote, mimi na wewe, baba alipofyeka shamba la ufuta. Ulisahau?"

Mwanaheri hakuwa amesahau. Hilo ndilo lililomchoma. Alijua tangu alipokuwa juu ya kile kinu kwamba anaimba uongo, na aliendelea kwa sababu watu walikuwa wakimpigia makofi.

Alikimbia kwa wasichana wenzake mmoja mmoja, akawaomba waache wimbo ule. Wakaacha. Akajiona ameokoka. Lakini alipokuwa akirudi nyumbani alikutana na mtoto mdogo, mgeni kutoka Malolo, anachunga mbuzi na kuimba tofali la Ausi kwa sauti kubwa.

"Wimbo huo acha," Mwanaheri alimwambia. "Si wa kweli."

Mtoto akamtazama kwa huruma. "Dada, wewe huujui tu. Njoo nikufundishe. Unaanza hivi." Akauimba wote, akaongeza na ubeti mpya kuhusu mifupa, ambao Mwanaheri hakuutunga.

Mwanaheri alikaa kando ya njia akalia, na yule mtoto, asijue la kufanya, akampa korosho mbili.

Nyumbani alimkuta Mjomba Kaimu amerudi, amekaa barazani na gurudumu la baiskeli mapajani, anaziba pancha. Mama yake alikuwa pembeni anamenya mihogo. Mwanaheri alipiga magoti.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Mbona macho yamevimba? Nimesikia mmenipigania. Huko Chunyu kila ninapopita wananiambia Ausi amekwisha." Alicheka kidogo. "Nimewauliza kwa nini, hakuna anayetaka kuniambia."

Mwanaheri akamweleza, tangu kinu mpaka lori. Hakuficha kitu, hata ile habari ya kuni alizozibeba kwa kichwa chake mwenyewe. Alipomaliza, Kaimu aliliweka gurudumu chini polepole. Mama yake alikuwa ameacha kumenya.

"Kura ni kesho," Mwamina alisema.

"Najua ni kesho, dada."

Mwanaheri alimtazama mjomba wake na kuona kitu ambacho hakuwahi kukiona, kwamba alikuwa anautaka ujumbe ule sana. Alikuwa amepanda baiskeli mpaka Chunyu kwa ajili yake, akarudi na vumbi hadi kwenye nyusi. Angeweza kunyamaza. Nani angemlaumu mtu ambaye hakuwapo?

"Utani ni wangu na Ausi," Kaimu alisema mwishowe. "Nikimrushia neno, yeye analidaka na kunirudishia, tunacheka, limekwisha. Wewe umelichukua ukawarushia watu wasiojua mchezo. Wamelishika kama lilivyo." Akajikuna kidevu. "Na mimi nilichezea makaburi, kitu kizito, mbele ya watoto. Hilo langu. Sasa, Mwanaheri, tutafanyaje?"

Mwanaheri alifikiri. "Nimewaambia wenzangu waache, lakini wimbo umeshaenda. Nikimfuata mtu mmoja mmoja sitawamaliza." Akameza mate. "Labda niimbe tena. Palepale. Kesho."

"Wakikuzomea?"

"Watanizomea."

Kaimu akamwambia dada yake, kwa sauti ya kujivuna ambayo alijaribu kuificha, "Umemsikia mwanao?"

"Ni mwanao huyo," Mwamina alisema, akarudia mihogo yake. "Akiharibu ni wangu."

Kesho yake uwanja wa soko ulifurika. Karani wa Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, alieleza utaratibu, kwamba kila mgombea aseme maneno machache, kisha watu wapange mstari nyuma ya wanayemtaka. Ausi alisimama upande mmoja, amekonda uso, nyuma yake Zuena na mama yake peke yao. Kaimu alipoitwa, hakusema habari za soko.

"Mimi na Ausi ni watani," alisema. "Nilimtania kwenye arobaini, na utani wangu ukatoka nje bila mimi. Kabla hamjapanga mstari, msikilizeni mtoto huyu."

Mwanaheri alipanda juu ya kinu. Akaanza:

"Tofali la Ausi, jamani, tofali la Ausi,
limeiva kwa mti wa nani?"

Na kabla hajafungua kinywa kujibu, umati wote, kwa mazoea, ukaitikia kwa furaha, "Wa makaburini."

Alitikisa kichwa. Akaanza upya, na upya wakamjibu vilevile. Wengine walianza kucheka wakidhani ndiyo mchezo wenyewe. Mwanaheri alitaka kushuka akimbie, ajifungie ndani, asiimbe tena maishani. Alivuta pumzi, akauliza mara ya tatu.

"Limeiva kwa mti wa nani?"

"Wa shambani kwake," sauti moja ikajibu, juu ya sauti zote. Alikuwa Zuena, aliyezoea kumwitikia kila siku ya Mungu.

Watu wakageuka kumtazama. Mwanaheri aliishika sauti ile asiiachie:

"Zile kuni nazijua, jamani, zile kuni nazijua,
alibeba kichwani nani? Mimi na Zuena.
Uongo umewafikia, jamani, uongo umewafikia,
aliyeutunga ni nani? Mimi Mwanaheri."

Aliuimba mara nyingi, mpaka sauti ikakwaruza, na mpaka yule bibi muuza kunde wa Nkowe, aliyekuwa mbele kabisa, alipoanza kuitikia vizuri. Wapo waliomzomea. Mzee mmoja alisema mtoto huyu anastahili viboko. Lakini waliitikia.

Ausi alikuwa wa mwisho kusema. Alimkazia macho Kaimu, na uwanja wote ukangoja.

"Nimemjua Kaimu tangu hajui kupiga mswaki," alisema. "Leo ndiyo mara ya kwanza namsikia akisema kweli. Anueni ufuta wenu, jamani, mvua itanyesha."

Kaimu alicheka kwa nguvu, na watu wote wakapata nafuu ya kucheka naye. Kisha wakapanga mstari. Hapakuwa na haja ya kuhesabu sana. Mstari wa Ausi ulizunguka vibanda, wa Kaimu uliishia kwenye duka la chumvi.

Mwanaheri alimfuata mjomba wake nyumbani akiwa ameinamisha kichwa. Hakuthubutu kutembea sambamba naye. Walipofika barazani walimkuta Ausi ameshatangulia, amekaa kwenye kigoda cha Kaimu kana kwamba ni chake, na Zuena amesimama karibu naye.

"Nimekuja kwa kazi," Ausi alisema. "Soko litahama. Lakini ile hofu yako ya akina mama kubaki juani, mtani, ni ya kweli, na mimi sijui mihogo inataka nafasi gani. Mwamina anajua. Nataka wewe na dada yako mje mniambie, kabla sijakwenda kwenye baraza la mji, nani akae wapi. Nao wakae ndani, chini ya bati, mbele ya maduka."

"Na watu wa Nkowe?" Kaimu aliuliza.

"Lori linakuja kesho kupakia."

Mwanaheri alipiga magoti mbele ya Ausi. "Baba Zuena, nisamehe. Nilijua si kweli nikaimba."

Ausi alimwinua kwa mkono wenye chokaa na udongo. "Nimekusamehe ulipokuwa juu ya kinu, mara ya pili walipokujibu vibaya nawe hukushuka. Sauti yako nzuri, mwanangu, na watu wanaifuata. Ndiyo maana inakupasa ujue unawapeleka wapi. Mtu mwenye sauti ndogo akisema uongo anadanganya jirani. Wewe ulidanganya mpaka Malolo."

"Umemgharimu mjomba wako kura," Mwamina alisema. Hakuwa mtu wa kuzunguka mbuyu.

Mwanaheri akaanza kulia tena. Kaimu alimvuta kwake, akamfuta machozi kwa pindo la kanzu yake ya siku ya uchaguzi.

"Hajanigharimu," alisema. "Ningeshinda kwa wimbo ule, kila nikipita kwenye tanuri la mtani wangu ningeangalia pembeni, na mji wetu mdogo, ningeangalia pembeni mara ngapi? Sikiliza, Mwanaheri. Uongo ukishatoka hauendi peke yake, unaondoka na watu. Anayeutoa ndiye anayepaswa kuufuata na kuurudisha, hata kama njia ni ndefu na watu wanazomea. Wewe umeufuata. Kwa hilo ninafurahi kukuita mwanangu kuliko kuitwa mjumbe."

Zuena alikuwa ameshachukua debe la Mwamina pale ukutani. Alilipiga kwa vidole, akamtazama Mwanaheri.

"Maji ya chai ya wageni hakuna," alisema. "Unakuja, au nikaimbe peke yangu?"